Paka Tuliyemvusha Mlima

Sisi tuliokulia Maskati kabla ya kila chumba kuwa na kiyoyozi tulikuwa tukiingoja baridi kama tulivyoingoja Idi. Ikifika, Mama anatoa kabatini masweta yanayonuka karafuu, anatuvisha juu ya nguo za kulalia, na chai ya maziwa inachemka tangu alfajiri. Nyumbani kwetu, kwa kuwa wazee walitoka Unguja, kilikuwa Kiswahili kitupu. Skuli kilikuwa Kiarabu, na wenzetu walitucheka kwa jinsi tulivyokitamka. Lakini tukirudi mchana tulipokewa na harufu ya samaki wa kukaanga tangu kwenye kona ya mtaa, na kicheko chote cha skuli kikaishia hapo.

Harufu ile hatukuipenda peke yetu. Mtaani kulikuwa na paka shume, mweusi, sikio moja limechanika, ambaye alijua siku za wageni kuliko sisi. Mama alimrushia maji, alimrushia kiatu, alifunga dirisha la jikoni kwa kamba. Ijumaa moja, wageni wamekaa barazani wanangoja kuitwa kula, paka akaondoka na kipande cha nguru kikubwa kuliko vyote. Mama hakupiga kelele. Alitafuta gunia la mchele.

Kesho yake asubuhi gunia lilikuwa mlangoni, linanguruma. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nassor, mtoto wa jirani, alikuwa na kumi na moja, na ndiye aliyepewa kulibeba.

"Huyu kanishinda," Mama alituambia. "Mpelekeni ng'ambo ya mlima, huko Matrah. Mkifika juu mzungusheni mara saba, asijue kwao wapi."

Wakubwa wetu wote waliamini hivyo, kwamba paka akizungushwa gizani mwa gunia anapoteza njia ya nyumbani. Basi tukapanda, Nassor na gunia mgongoni, mimi na mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa. Wajukuu zangu siku hizi hawapandi kilima bila viatu maalumu, fimbo mbili za chuma na saa ya kuhesabu hatua. Wakifika juu wanapiga picha, wanashuka, na ukiwauliza wameona nini wanakupa simu uangalie mwenyewe. Sisi tulipanda kwa ndara, mawe yanatuteleza chini ya miguu, na upepo wa baridi ukitupiga usoni tukauona mji wote chini yetu na bahari nyuma yake. Nilidhani hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufika pale.

Nassor alikuwa mtiifu kupita kiasi. Badala ya kulizungusha gunia, alilishika kwa mikono miwili akazunguka nalo mwili mzima, mara saba, mimi nikimhesabia kwa sauti. Alipolifungua, paka alitoka, akajinyoosha, akaenda zake bila haraka. Aliyepepesuka alikuwa Nassor. Alikaa juu ya jiwe ameshika kichwa, na aliponyanyuka alinyoosha kidole akasema njia ya kwetu ni ile. Nikamfuata, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Tukashuka bonde ambalo silo, tukapanda tena, ndara yangu ikakatika, tukafika nyumbani alasiri imeshaadhiniwa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Juu ya ukuta, karibu na kichwa chake, paka alikuwa anajilamba miguu.

"Mwenzenu keshafika zamani," akasema.

Alitaka kutukaripia, akashindwa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Siku ile paka alipewa kichwa kizima cha samaki, na hakufukuzwa tena mpaka alipokufa kwa uzee.

Nassor ndiye aliyenioa. Watu wakimuuliza tulijuana vipi, hujibu kwamba nilimhesabia vibaya, akazunguka mara nane. Kila baridi, Ijumaa asubuhi, tulipanda njia ileile, na tukishuka tuliwagawia paka wa mtaani mabaki ya samaki wa jana. Tulisafiri pia. Unguja alikwenda kuitafuta nyumba ya bibi yake, na alichokumbuka kunisimulia usiku ni paka aliyemkuta kwenye ngazi. Istanbul wenzetu waliingia masokoni kununua mazulia, sisi tukazunguka tukitafuta muuza samaki. Nilimgombeza sana safari ile, na leo ningetoa chochote nigombane naye tena vile.

Miaka michache nyuma watoto wetu walituhamishia Mabela, mbali na mtaa wetu wa zamani. Nyumba ni nzuri, mpya, haina ngazi za kuvunja magoti. Lakini nyumba zote za mtaa zimepangana, rangi moja, ukuta mmoja, geti moja, na Nassor ameanza kusahau. Mwanzo yalikuwa majina, kisha dawa. Ramadhani iliyopita alitoka msikiti wa mtaa wa pili, akalipita geti letu, akaendelea. Mtu tusiyemjua ndiye aliyemrudisha, jua limekwisha kuchwa, futari imepoa. Alikuwa anatabasamu kama mgeni anayeogopa kusumbua. Tangu siku ile Khamis, mwanetu mkubwa, anamtilia mfukoni mwa kanzu karatasi yenye namba ya simu, na anataka baba yake asitoke tena peke yake, hata kuswali. Mimi najua kwamba nikimfungia ndani nitakuwa nimempoteza kabla ya siku yake.

Baridi hii ilipoingia Nassor aliomba twende mlimani. Khamis alinikataza.

"Mama, nnakuomba usimpeleke," aliniambia. "Atakupotea huko."

Ijumaa nikampakia garini, nikaondoka naye. Hakupotea. Alitangulia yeye, pole pole, mkono kwenye mwamba, akiniambia jiwe lipi limelegea. Alipofika pale juu alikaa bila kuulizwa, kwenye jiwe lilelile.

"Zuwena," akaniita. Miaka mingi nimekuwa Mama Khamis tu kwake. "Yule paka alirudi?"

"Alirudi."

"Kabla yetu?"

"Kabla yetu, na akapewa kichwa cha samaki."

Alicheka. Kisha akautazama mji chini yetu. "Alijuaje?" akauliza. Nilimjibu kwamba labda alifuata harufu ya jikoni kwa Mama, na hapo ndipo wazo liliponijia.

Siku hizi nina bakuli la bati nje ya geti. Kila alasiri natia vichwa vya samaki. Mwanzo alikuja paka mmoja, sasa wanafika sita. Jirani amelalamika kwa adabu, Khamis amelalamika bila adabu, nami nawaacha waseme. Nassor nimempa jambo moja tu la kushika, namrudia nikimfunga vifungo vya kanzu: nyumba yenye paka ndiyo yetu. Mengi yanamponyoka, hilo bado analo.

Enzi zile Mama aliposimama mlangoni kutungoja hakuwa na hofu kubwa. Mtaa mzima ulijua sisi ni wa nani, na mtu yeyote angetushika mkono atulete. Leo nakaa nyuma ya geti, kwenye mtaa ambao simjui hata mtu wa nyumba ya tatu, namngoja Nassor, nasikiliza milango ya gari ya watu wanaotoka msikitini. Naitamani baridi ile, na masweta ya karafuu, na mvulana aliyepotea siku moja tu kwa sababu alizunguka mara saba. Najua itafika jioni ambayo vichwa vya samaki havitatosha. Kisha paka wananyanyuka wote, mikia juu, wanaelekea njiani. Namsikia anawasalimu mmoja mmoja, na nafungua geti kabla hajabisha.