Tundu Lililogeuka Buluu

Siku yangu ya kwanza kwenye hanga la ndege, nikiwa nimetoka tu kidato cha nne, Fundi Mkuu alinipa vipande viwili vyenye ukubwa sawa. "Kipi chuma?" Nikanyanyua kile kizito. "Vizuri. Hicho chepesi ni titaniamu iliyochanganywa na alumini na vanadi. Uzito ni nusu ya chuma na ushee, lakini nguvu hazipishani. Ukikiharibu, usinifiche."

Tuliikuta titaniamu penye mzigo mkubwa: miguu ya ndege, maungio ya mabawa, vishikio vya injini. Haisafirishi joto upesi, kwa hiyo joto hubaki palepale inapochimba keekee. Tulitoboa polepole, kwa ncha kali, tukimwagia maji ya kupoozea. Ukingo wa tundu ukiwa na rangi ya majani makavu, unasimama kwanza ipoe. Ukigeuka buluu, metali imeungua na kipande ni cha kutupwa. Desturi yetu ilikuwa aliyekiunguza akibebe mwenyewe hadi kwa Fundi Mkuu, wenzake wote wakitazama.

Mwenzangu mezani alikuwa Saidi, mtu wa Lindi, mwenye mkono mtulivu kuliko sote. "We Mzaramo," alikuwa akinitania, "unatoboa au unakuna nazi?"

Ijumaa moja alikwenda kuswali, akaniachia kishikio cha injini, yamebaki matundu mawili. Keekee ilikuwa butu. Niliona uvivu kwenda stoo kuchukua nyingine. Ukingo ukageuka buluu. Nikawaza ile safari ya kukibeba mbele za watu, nikachukua msasa, nikafuta.

Jumatatu Mkaguzi akapaka dawa yake ya kupimia, doa likajitokeza. Kadi ya kazi ilikuwa na jina la Saidi.

"Saidi, umefuta buluu?" Fundi Mkuu aliuliza.

Saidi alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Kadi ni yangu, mzee," akasema.

Kuunguza kulisameheka; kuficha, hapana. Aliondolewa kazini siku hiyohiyo.

Mimi nikaendelea. Nilipelekwa Mwanza, nikarudi Dar nikiwa mkuu wa zamu, nikastaafu kwa heshima. Sasa nakaa Kariakoo, na asubuhi bado naitamani harufu ya hanga. Zaidi naitamani meza ile, na mtu wa kunitania.

Mwaka huu nilimkuta Saidi mtaa wa Gerezani, anauza spea za magari. Nikamwambia ni mimi niliyekiunguza kile kishikio, nikafuta.

"Najua," alisema, akipanga beringi zake. "Mkono wangu naujua. Mimi siunguzi."

"Mbona hukunitaja?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Wiki nzima nilikaa chumbani Buguruni. Mlango ukigongwa, nasema huyo, amekuja."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilishasamehe zamani. Ila nilikuwa na rafiki, na huyo hakugonga mlango." Akatazama nyuma yangu. "Sogea kidogo, bwana, mteja apite."

Nikasogea.