Kabla Jua Halijapinduka

Mara ya kwanza nilipowapikia watawa wa Kibudha, walikiacha chakula changu kama nilivyokiweka, nami nikavimba kwa hasira nusura nipasuke. Wali wa nazi, dengu, mchicha, biringanya za kukaanga, vyote nimevipanga mezani na kuvifunika kawa. Kuja kufunua, hata punje haijaguswa! Mie ni mtu wa Tanga. Kwetu mgeni akiondoka bila kuonja chakula chako, hapo amekutukana, tena mbele ya watoto wako.

Watawa wenyewe walikuwa wawili, na walifika kwangu kwa ajili ya jirani yangu. Tulikuwa tunakaa Agincourt, mtaa wa Toronto huku Kanada, kwenye safu ya vile vijumba vinavyochangia ukuta. Miaka ya elfu mbili mwanzoni mwanzoni, mie bado mgeni wa baridi, nikasikia asubuhi moja mtu anakuna nazi upande wa pili wa ukuta. Sauti ile huwezi kuikosea. Nikavaa koti juu ya dera, nikaenda kugonga. Akanifungulia mama mmoja mfupi, mvi kichwa kizima, na nyuma yake nikaiona mbuzi iko sakafuni na kifuu juu yake. Alitoka Sri Lanka. Kiingereza chake cha kuokoteza, changu cha kuokoteza vilevile, lakini kwenye nazi tulielewana siku ileile. Nikawa namwita Mama, naye ananiita binti yangu.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, wa kiume. Kijana huyo alikuwa chuo kikuu, anasoma vizuri, halafu akaacha yote, akanyoa kichwa na nyusi, akawa mtawa. Alikaa hekaluni, vituo vichache vya basi kutoka kwetu. Kila Jumapili alikuja kula kwa mama yake pamoja na mtawa mzee, maana kanuni zao hazimruhusu mtawa kukaa peke yake na mwanamke ndani ya nyumba. Dereva wa hekalu aliwashusha na kuwafuata baadaye.

Jumapili ile Mama alikuwa amelazwa hospitali kwa vipimo. Akaniomba niwapokee watawa wake. Nikapika kwa moyo wote. Walipofika nikawakaribisha mezani, nikasema karibuni sana, kisha nikawachukua wanangu tukaingia chumbani, nikafunga mlango. Hiyo ndiyo adabu niliyolelewa nayo: wageni wanaume, tena watu wa dini, unawaandalia halafu unawapisha wale kwa nafasi. Nikawasikia wakisoma dua zao kwa sauti ya chini. Nikasikia kimya kirefu. Baadaye nikasikia gari.

Kumbe kimya chote kile walikuwa wamekaa na njaa yao, wanatazama kawa.

Nilikwenda hospitali nikiwa moto. Nikamwambia Mama, "Mwanao ameniona mie najisi, eti? Ameona Mwislamu hajui kupika?" Aliponielewa alicheka, akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja kuchungulia. Ndipo akanieleza. Mtawa haruhusiwi kutia kinywani kitu ambacho hakukabidhiwa mkononi. Chakula kikiwa mezani, hata kama kimepikwa kwa ajili yake, kwake bado si chake mpaka mtu akinyanyue na kumpa. Na hawezi kuja kugonga mlango aseme, mama, tupe basi, maana kuomba nako kumekatazwa. Jua likishafika utosini, kula kumekwisha mpaka alfajiri ya kesho. Kwa hiyo wale watu walikuwa wamekwenda zao na njaa mpaka Jumatatu, na walipokuwa wanatoka walikuwa wameniombea baraka.

Loo, nilinyong'onyea! Binti yangu mkubwa, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, alinitania mwaka mzima. Kila nikipakua anakaa kimya, mikono mapajani, mpaka nimpe sahani mkononi. Nilimtupia mwiko siku moja.

Tangu hapo nikawa nahudhuria Jumapili zao, kwanza kwa udadisi, halafu kwa mazoea. Nilijifunza kunyanyua bakuli kwa mikono miwili na kusogea karibu, hatua ya kufikiana mkono. Yule kijana nilimwita Baba, kama tunavyowaita mapadri, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Sikumsikia hata siku moja akisema chumvi imezidi au leo ningependa samaki. Nilipomuuliza anapenda nini, alitabasamu, akatazama bakuli lake. Mie nina watoto watatu waliokuwa wakichambua vitunguu kwenye pilau kimoja kimoja. Jamani, nilimwonea wivu mama yake!

Lakini kulikuwa na kanuni moja iliyonishinda kuipenda. Mtawa hamgusi mwanamke, na mama yake mzazi ni mwanamke. Niliiona kwa macho yangu kipindi cha theluji. Mama alitoka kuwaaga, akateleza kwenye ngazi, akaketi puu juu ya barafu. Mwanawe alikuwa hatua moja tu kutoka pale. Hakumshika. Alichukua beleshi la theluji lililoegemea ukuta, akamnyooshea mpini, mama akaushika kwa mikono miwili, naye akamvuta pole pole mpaka akasimama.

Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Mshike mama yako wewe! Beleshi? Unamnyooshea mama yako beleshi?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mama ndiye aliyenikemea. Alijipangusa theluji, akaniambia kwamba mwanawe aliweka ahadi mbele yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi nguo za utawa siku anatawazwa. "Nikitaka avunje," akasema, "nitakuwa nimempa nini?" Kisha akaniambia nisimsikitikie. Mkono wa mwanawe haupati, lakini kila Jumapili kijana anachukua chakula kutoka mkononi mwake, na watoto wangapi wa mji huu wanakuja kula kwa mama zao kila wiki bila kukosa? Wa kwangu walikuwa wanakula wamesimama, mbele ya friji.

Nasema kweli, nyumba ile ilinirudisha kwenye mstari. Nilikuwa nafanya kazi ghala la mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, zamu zinabadilika kila wiki, na sala zangu zilikuwa zimegeuka viporo, nazikusanya zote jioni na kuziswali harakaharaka. Nikamtazama kijana huyu anaweka bakuli chini jua likifika mahali pake, hata kama limebaki tonge moja. Nikajiambia, wewe nawe una jua lako. Nikaanza kumwomba msimamizi dakika zangu za adhuhuri, nikiswali nyuma ya makasha. Alidhani nina ugonjwa. Namshukuru Mungu kwa majirani aliowaweka ng'ambo ya ukuta wangu.

Vipimo vya Mama havikuwa vizuri, na baada ya miaka kadhaa ya kwenda na kurudi hospitali, ugonjwa ukamshinda nguvu. Akaomba arudishwe nyumbani. Kitanda kikawekwa sebuleni karibu na dirisha. Mwezi wa tatu ulipofika alikuwa ameacha kula. Mimi nilimlazimisha, muuguzi akambembeleza, mtoto wa dada yake akalia mbele yake na kijiko mkononi. Kichwa kinageuka ukutani. Kitu kimoja tu alikitaka: Jumapili inayokuja ampe mwanawe chakula kwa mkono wake. Muuguzi alinivuta pembeni, akaniambia kama kuna jambo la kufanya lifanyike Jumapili hiyo, tusingoje nyingine. Mama akanishika kanga. "Wewe upike. Mimi nitampa."

Nilitoka zamu Malton asubuhi ile, nikapanda mabasi yangu, nikafika, nikakuna nazi kwa mbuzi yake, maana alitaka nitumie hiyohiyo. Saa ya jikoni kwangu ilinionyesha nina wakati wa kutosha. Nikapika bila pupa, nikaonja mchuzi, hata nikaoga. Nikabeba masufuria nikavuka uani.

Nilipofungua mlango nikajua kuna jambo. Hakuna aliyenipokea sufuria. Mtawa mzee amefumba macho. Kijana amelifunika bakuli lake kwa kitambaa, limekaa mbele yake limefungwa. Na Mama amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Mtoto wa dada yake akaninyooshea kidole saa ya ukutani. Saa sita ilikuwa imepita, na hekaluni kwao mwisho wa kula waliuhesabu kwa saa.

Usiku wa kuamkia siku ile Toronto nzima ilikuwa imesogeza saa mbele kwa saa moja. Kila mwaka wanafanya hivyo, kila mwaka nalalamika, na mwaka ule, kwa uchovu wa zamu, nilisahau kabisa. Nilisimama na sufuria zangu za moto, machozi yananitoka, nikawatukana kwa Kidigo watu waliobuni kuchezea saa, wao na waliowazaa. Kijana aliniambia kwa upole, "Si kosa lako. Chakula chako ni kizuri. Muda umepita." Hakuyaondoa macho kwa mama yake. Alikuwa anataka kuliko sisi sote, na asingevunja.

Nikaweka sufuria chini. Nilikuwa bado nafoka moyoni: watu wazima, wenye akili zao, wanalala na kuamka wanakuta adhuhuri imehamishwa! Hapo hapo nikashtuka. Mbona yangu haijahamishwa? Sikuwa nimeswali adhuhuri, wala wakati wake haukuwa umeingia. Siku iliyotangulia niliiswali nyumbani kabla ya zamu, na saa za Toronto zilikuwa zimeshaipita saa sita kitambo. Leo wamesogeza saa mbele, basi adhuhuri itaingia baada ya saa saba. Na adhuhuri inaingia lini? Inaingia jua likipinduka. Si nilichapwa kwenye chuo cha Kurani mpaka nikalijua hilo?

"Baba," nikamwambia kijana, "muulize mzee wako. Kanuni yenu inasema saa, au inasema jua?"

Akamuuliza kwa lugha yao. Mzee akafumbua macho. "Jua," akajibu, na neno hilo alilijua kwa Kiingereza.

"Basi jua halijafika. Adhuhuri bado! Wallahi bado! Njooni nje niwaonyeshe."

Mtawa mzee alinyanyuka kabla ya wote, akavaa ndala zake kwenye theluji. Nikalichukua beleshi lile lile, nikalisimamisha wima kwenye theluji iliyoganda. Nikamweleza kama tulivyofundishwa watoto: kivuli kinafupika mpaka jua lifike utosini, likishapinduka kinaanza kurefuka. Mzee akaweka kijiti kwenye ncha ya kivuli. Tukasimama, mimi na kanga yangu juu ya koti, yeye na shuka lake la manjano, meno yanagongana. Jirani wa mbele alisimamisha gari kutuangalia. Kivuli kikarudi nyuma, kikakiacha kijiti peke yake juani. Mzee akakitazama, akanitazama mimi, akacheka kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akaingia ndani akasema neno moja, na kijana akafungua bakuli.

Tukampandisha Mama kwenye mito. Nikampa upawa wa wali, mkono ukashindwa kuunyanyua. Nikaweka kiganja changu chini ya kiwiko chake, sikugusa upawa, maana mtoaji alikuwa yeye. Mwanawe akapiga magoti kando ya kitanda, akasogeza bakuli kwa mikono miwili mpaka chini kabisa ya mkono wa mama yake. Wali ukaingia. Kisha dengu. Kisha mchicha, mwingine ukamwagika kwenye shuka na hakuna aliyejali.

Nikadhani sasa ataanza kula. Badala yake alichota tonge la kwanza kutoka kwenye bakuli lake, akaliweka kwenye sahani ndogo, akaisukuma juu ya blanketi mpaka kwenye vidole vya mama yake. Mtoto wa dada yake akaninong'oneza kwamba mtawa hamgawii mtu yeyote sadaka kabla ya kuila mwenyewe, isipokuwa mama na baba. Kanuni zile zile zilizonichefua miaka yote kumbe zilikuwa na mlango, na mlango wenyewe ulikuwa huu.

Mama, aliyetukatalia sote wiki nzima, akaokota wali kwa ncha za vidole. Akala. Akaokota tena. Mie nilitoka nikaenda kulia jikoni, nikarudi.

Alipochoka tukamlaza, akafumba macho. Mwanawe akala taratibu, bila kuinua uso, machozi yanadondoka kwenye bakuli naye anakula hivyo hivyo. Huko nje jua lilikuwa linakaribia mahali pake. Alipomaliza akaweka bakuli chini. Mama, bila kufumbua macho, akanipapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Amekula?" akaniuliza.

"Amekula, Mama," nikamwambia. "Ameshiba."