Makaa Ndani ya Maziwa

Wenzangu, hili nalisimulia kwa aibu, na msilifikishe Mlali, maana nadhani huko bado wapo wanaonicheka.

Ilikuwa zama za Mwingereza, nimeolewa kwa mzee Ndahani (jina lake sikuthubutu kulitamka alipokuwa hai, ni baba mkwe wangu), na mama mkwe wangu, Mbeho, ndiyo kwanza alikuwa amenikabidhi kibuyu cha maziwa. Pale nyumbani mke alipewa jembe siku ya kwanza, ila kibuyu alipewa akishaaminiwa, na mimi nilikuwa nimekingoja tangu naolewa, kwa hiyo nilikishika kama yai.

Basi akaja Mzungu mmoja wa serikali, tukamwita Bwana Chupa kwa wingi wa chupa zake, na karani Elia wa kumtafsiria, wakachagua nyumba yetu, wawe wanachukua maziwa ya ng'ombe wetu, na mavi yake, na mkojo wetu sisi tunaoyanywa (ndivyo ilivyokuwa, msinitazame hivyo). Siku moja Mzungu akachora chini kwa fimbo mbele ya watu: majani, mshale, ng'ombe, mshale, mtu, na mshale wa mwisho ukimtoka yule mtu kwa nyuma. Karani Elia akaeleza kuwa huko mbali wanalipua mabomu, yanaacha makaa ya namna yake angani, yanaingia kwenye majani, ng'ombe anakula, sisi tunakunywa, na Bwana anapiga hesabu yanakaa mwilini muda gani kabla ya kutoka.

Mimi ya mabomu hayakuniingia. Nililosikia ni makaa ndani ya maziwa, na makaa nani huyatia kama si mimi? Kibuyu tulikuwa tukikisafisha kwa kijinga cha moto, unakitumbukiza ndani, unatikisa, ili maziwa yanukie na yasiharibike, na vumbi jeusi halikosi kubaki. Nikaona nimeumbuliwa mbele ya kijiji kizima, kwamba mimi, mke wa Nyemo, ni mchafu. Nikachukua mchanga na maji ya moto, nikakisugua kibuyu mpaka kikawa cheupe. Laiti ningeishia hapo! Lakini nikaukumbuka ule mshale wa mwisho: na yaliyokwisha kuingia matumboni je? Asubuhi ya siku ya Bwana kuja, nikamimina mafuta ya nyonyo kwenye uji wa nyumba nzima, nikazidisha ukwaju wasiyajue.

Jumbe akaja, majirani wakajaa. Baba mkwe akaitwa wa kwanza, akaipokea chupa yake kwa heshima zake zote, kisha nikaona uso umembadilika, akaacha chupa, akaacha na fimbo, akakimbilia nyuma ya zizi. Mume wangu Nyemo akamfuata. Watu wakarudi nyuma, wakidhani ni maradhi.

Mama mkwe alipopata nafuu akanijia moja kwa moja.

"Nyendo, umetulisha nini?"

"Mafuta ya nyonyo, mama. Nilitaka makaa yatoke upesi."

Karani Elia akacheka mpaka akashindwa kutafsiri. Alipoweza, Mzungu hakucheka, alikaa juu ya sanduku lake akashika kichwa, maana hesabu yake ilitaka watu wanaokula kama walivyozoea, na sasa nyumba yetu haimfai tena. Siku ileile akahamia kwa jirani yetu Sechelela. Kabla hajaondoka mama mkwe akafungua kibuyu ampe walau maziwa ya kumwomba radhi, akayakuta yameharibika, yananuka, kwa kukosa ule moshi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nipe na mfuniko wake," akasema.

Kibuyu akampa mke wa shemeji yangu, na mpaka mama mkwe anazikwa maziwa ya nyumba ile nilikuwa napimiwa kama mgeni, mtoto wangu akilia nasimama mlangoni kwa mwenzangu na kikombe mkononi.

Juzi mjukuu wangu aliyesoma akaniambia makaa yale, shuleni wanayaita kaboni, hayaonekani kwa macho, yamo katika kila kinachokula, hata katika mifupa yangu hii, wala hayatoki kwa mchanga. Siku hizi mtu akinitajia jambo nisilolijua namkatiza papo hapo, awe padri, awe daktari, namuuliza: makaa gani? Lakini swali hilo nilipaswa kuliuliza Mlali, na wale niliotaka walisikie wote wamekwisha kuzikwa.