Katapila la Mjukuu Wangu na Wanaume Wasiojua Kuchota Maji

Sijaona wajuaji kama wanaume waliowahi kukaa karibu na injini. Mkwe wangu, mume wa binti yangu mdogo, alikuwa utingo wa lori miaka miwili tu, lakini hapa kwetu Mkotokuyana anatembea kama vile lori alilitengeneza yeye. Mimi niliishia darasa la nne. Macho ninayo.

Mjukuu wangu wa kike, anayetengeneza simu pale Nachingwea mjini, alitaka kujifunza ufundi wa mitambo mizito. Akaenda kuomba nafasi kwenye karakana moja ya Ruangwa. Mwenye karakana akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akamwambia, "Dada, hapa hatusuki nywele." Binti hakuondoka. Yule bwana akacheka, akasema haya, kama una akili ya mitambo katengeneze hata mfano mdogo, ulete hapa, uchote udongo mbele yangu. Ukichota, Jumatatu inayofuata unaanza kazi. Alisema hivyo ili amfukuze tu.

Hakujua anaongea na mjukuu wa nani. Marehemu mume wangu alikuwa anapaka grisi katapila la kamba, lile lililochimba lambo letu. Nilikuwa nampelekea ugali, nakaa naliangalia. Halikuwa na mkono wa kukunja kama haya ya siku hizi. Lilikuwa na boriti ndefu mbele, na ndoo ya chuma yenye meno ikining'inia kwa kamba mbili za waya: moja ya kunyanyua, nyingine ya kuiburuta ndoo kuja kwenye mashine. Gofu lake liko pale lamboni mpaka leo, mbuzi wanalala ndani. Mjukuu wangu alilipima kwa futi, kipande kwa kipande, na mkwe wangu amesimama juu yake anamwuliza kwa nini asiige katapila jipya la kwenye simu.

"Hili nalishika kwa mkono, baba mdogo," akamjibu.

Miezi mitatu alilijenga barazani kwangu. Minyororo ya kutembelea aliitoa kwenye pikipiki mbovu, boriti ni nondo nyembamba zilizochomelewa pamoja, kamba ni waya za breki za baiskeli, ndoo aliikata kwenye debe la mafuta. Mota alizinunua kwenye magari chakavu, zile za kusukuma wipa. Unabonyeza rimoti, hakuna waya wala nini, linatembea lenyewe uani na kuku wanakimbia. Nilikaa mlangoni nikawaita wapita njia waje waone. Kwa nini nisijivune?

Mkwe wangu naye, mchango wake ulikuwa kupiga picha. Siku ya kujaribu kuchimba ndiyo akajitia kuleta udongo, na kabla ya kuumwaga akauchekecha, kama vile anapiga lipu! Ndoo ikajaa mara ya kwanza. Akapiga makofi. "Mama, kazi imekwisha!" Mtu mzima anashangilia chuma kuchota unga.

Tukaenda Ruangwa kwa bodaboda mbili, mimi nimelipakata katapila, wao wawili mbele. Mwenye karakana hata shikamoo aliitoa kwa pembe ya mdomo. Akatuonyesha lundo la kifusi chenye kokoto. "Haya, chota."

Mjukuu wangu akabonyeza. Ndoo ikaburutwa juu ya kifusi, ikateleza, ikarudi tupu. Akarudia. Tupu. Mafundi wakaacha kazi zao wakaja.

"Linapiga pasi hilo," mmoja akasema, wakaangua kicheko.

"Mota ndogo," akasema mwenye karakana.

"Betri imeshuka," akasema mkwe wangu.

"Mambo ya kamba yalishakufa, bibi. Siku hizi haidroliki!" akadakia fundi mwingine.

Wajuzi wote hao, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuitazama ndoo. Mjukuu wangu akaanza kuzigusagusa mota. Niliona Jumatatu yake inaondoka.

Mimi nimechota maji kisimani tangu nikiwa mtoto. Ndoo tupu ukiishusha inaelea tu, inakuangalia. Kila msichana wa kwetu anajua: unafunga kipande cha chuma mdomoni mwa ndoo, unalegeza kamba, inalala kwa mdomo, inakunywa. Hawa mabwana maji wanayakuta bafuni, wanadhani ndoo inazaliwa imejaa.

Nikaokota nati mbili kubwa hapo chini. "Mke mwenzangu, lete waya," nikamwambia mjukuu wangu.

"Bibi, ngoja kwanza niangalie mota..."

"Lete waya! Ndoo yako nzito makalioni, itang'ataje?"

Nikazifunga nati mdomoni, juu ya meno. "Sasa kamba ya kunyanyua ilegeze kabisa, kama uko kisimani. Ikishauma, ndipo uiburute."

Ndoo ikaanguka kwa mdomo, meno yakazama. Akaiburuta, ikaja imejaa mpaka kokoto. Akainyanyua, akazungusha boriti, akaimwaga pembeni ya kiatu cha mwenye karakana.

"Bahati hiyo," akasema yule bwana. "Hebu nipe." Akaichukua rimoti, akabonyeza kwa pupa, kamba imekaza. Ndoo ikateleza, ikarudi tupu.

"Legeza, baba," nikamwambia. "Wewe hujachota maji."

Mafundi wake wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Akairudisha rimoti, anatazama geti. "Jumatatu. Saa moja na nusu, usichelewe."

"Sawa, bosi. Na nati zako naondoka nazo," akasema mjukuu wangu.

Wakati wa kupanda bodaboda kurudi, nilimsikia mkwe wangu akimsimulia dereva wa bodaboda jinsi "tulivyofunga nati." Tulivyofunga! Tulipofika nyumbani nikamkabidhi ndoo na kamba nikamwelekeza kisimani. Mjukuu wangu alihitaji maji ya kufulia nguo za Jumatatu.