Neno Walilorudi Nalo Kutoka Vitani

Wanaume wa Haslow, mji wa viwanda wa Uingereza, walirudi kutoka vitani na vikohozi, makovu, na neno moja. Jeshini, mtoro alifungwa kwenye nguzo akapigwa risasi alfajiri. Kufikia mwaka 1922, katika kiwanda cha nguo cha mji, mtoro alikuwa msichana aliyechelewa kazini, kuku aliyeruka ua, au mume aliyenogewa na baa.

"Mtoro wako jana kalala wapi, shoga?" Bessie Tattersall alimuuliza jirani yake.

"Kamuulize mwenye baa! Mimi nimechoka kumsaka."

Yote hayo yalisemwa bila sauti. Mashine mia nne za kufuma nguo zilinguruma kutwa, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu, na mwanamke aliweza kumsoma mwenzake midomo hata kutoka upande wa pili wa banda. Hannah Entwistle, aliyefanya kazi ya kufuma kwa miaka thelathini, aliyasoma, akainamisha kichwa. Mwanawe Wilfred, kijana wa miaka kumi na tisa, alipigwa risasi na askari wenzake huko Ufaransa kwa kosa la utoro. Bessie alilijua hilo. Alisahau tu, na kusahau kwa namna hiyo nako ni dhambi.

Jumapili kamati ya kanisa ilikaa kuamua majina ya waliokufa vitani yatakayochongwa kwenye jiwe la ukumbusho. Hannah aliomba jambo moja: Wilfred awemo. Akasubiri nje ya mlango wa kioo. Wanakamati walikuwa makarani na wenye maduka. Hakuna aliyewahi kufuma. Walidhani mlango ukifungwa yamekwisha.

"Nafasi ipo," mdomo wa Bwana Clegg, katibu, ulisema.

"Ya mtoro haipo," ukajibu wa muuza nyama. Mmoja akacheka.

Clegg akatoka, akamshika mkono. "Pole sana, Bibi Entwistle. Jiwe limejaa."

Uongo uliopakwa huruma unabaki kuwa uongo. Hannah alishukuru, akaenda zake.

Jumatatu msichana mmoja alichelewa, akaingia mbio na viatu vyake vya mbao.

"Mtoro karudi!" Bessie akatamka, na safu nzima ikacheka.

Hannah akazima mashine zake zote nne. Mfumaji anayelipwa kwa kila kipande cha nguo hafanyi hivyo bure, kwa hiyo vichwa vikageuka. Alingoja macho yote yamfikie, kisha akatamka polepole, ili hata aliye mwisho wa banda asome:

"Wangu hakurudi."

Bessie akauziba mdomo wake kwa kiganja. Hannah akawasha mashine, moja baada ya nyingine.