Tundu la Upande wa Abiria

Ardith Sobczak ana magari ishirini na matano ndani ya kopo la biskuti, lakini haruhusiwi kuendesha hata moja. Leseni alinyang'anywa mwaka juzi, macho yalipoanza kumchezea. Kila gari lina kadi yake, zile kadi ambazo akina mama wa Ohio huandikia mapishi ya keki, na juu yake kuna namba ya bodi, rangi, jina la mnunuzi na umbea wowote uliopatikana. Kadi ya tisa inasema: jekundu, lilinunuliwa na kinyozi wa Steubenville, mkewe akamwacha, gari likabaki, afadhali.

Mambo hayo yalianzia kwenye duka la magari la mzee Haverkamp, hapo Tillersburg, miaka ile vijana wa kiwanda cha chuma walipokuwa wakilipwa kila Ijumaa na kutaka kupita mbele ya wachumba wao kwa kishindo. Magari ya kutoka Detroit yalikuja na injini za adabu. Haverkamp hakupenda adabu. Aliwaambia mafundi wake wang'oe injini ndogo, watie kubwa, wafunge magurudumu mapana, wapake mstari wa manjano ubavuni, kisha gari likauzwa likiwa jipya na dhamana yake juu. Watu waliyaita Nyigu. Yalitoka ishirini na sita tu, kisha makampuni ya bima yakashtuka na kukataa kuyakatia, na mchezo ukaishia hapo.

Sasa shida ni hii. Karatasi za kiwandani zinaijua injini iliyong'olewa, ile iliyowekwa haziijui. Karatasi za Haverkamp mwenyewe zilizama mto ulipoingia chini ya duka. Kwa hiyo leo mtu yeyote mwenye kopo la rangi ya manjano na uso mkavu anaweza kuapa kwamba gari lake ni Nyigu. Wa kumtenga mkweli na tapeli ni Ardith. Huwaandikia barua wajane, huwapigia simu vinyozi, tena huhudhuria mazishi ya watu asiowafahamu, akatafuna mkate wa nyama pamoja na wafiwa, na kwenye kikombe cha tatu cha kahawa akauliza kwa sauti ya pole kabisa, "Hivi lile gari la marehemu liliishia wapi?" Mwenyewe haoni aibu, na mimi sioni kwa nini aone.

Kadi ya ishirini na sita ina neno moja tu: jeusi. Hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi miaka yote.

Mwaka 1969 Ardith alikuwa msichana wa miaka ishirini, karani wa dirisha la spea. Ijumaa moja fundi mkuu, Lud Tarnow, aliunguza mkono kwenye bomba la moshi, na mwenye gari alikuwa anakuja saa kumi na moja jioni. Lilikuwa limebaki tundu moja tu, la kufungia mita ya mzunguko wa injini, ambayo kwenye Nyigu ilikaa juu ya boneti, mbele ya macho ya dereva.

"Wewe Ardith," Lud akaita, "mikono yako inajua kushika kitu kingine zaidi ya kalamu?"

"Inajua kupiga kofi. Unataka?"

"Nataka ishike drili."

Boneti ilikuwa imefunguliwa na kulazwa kifudifudi juu ya mablanketi, rangi isichubuke. Ardith akapima kama alivyoambiwa, inchi kumi na nne kutoka nyuma, inchi tisa kutoka ukingo wa kushoto, maana Marekani dereva hukaa kushoto, akatoboa tundu safi kabisa. Kisha wakaigeuza boneti. Tundu lilikuwa upande wa abiria. Mtu akilala kifudifudi, kushoto kwake kunahamia kwa jirani, na boneti nayo ni vivyo hivyo. Lud alicheka hadi akakaa sakafuni. Halafu akaliziba kwa risasi iliyoyeyushwa, yale madini laini, akamwelekeza Ardith kutoboa jingine mahali pake, wakapaka rangi nyeusi, na saa kumi na moja mteja akaondoka anapiga honi.

"Haverkamp akijua," Lud akamwambia, "mimi na wewe tutauza matufaha barabarani."

Basi Ardith akanyamaza mpaka Haverkamp na Lud wote wakawa udongoni. Siku alipolisema katika chama cha wenye Nyigu, wanaume walicheka, tena si kicheko kizuri. Karani wa spea, kutoboa boneti! Mmoja alisema njia ya mwongo ni fupi. Chet Vossler, mkaguzi wa chama, mtu mwungwana lakini mgumu kama msumari, alimwambia, "Bi Ardith, bila gari, hiyo ni hadithi." Ardith alikwenda nyumbani akalia. Ishirini na tano aliwatafutia yeye, na neno lake moja hawakulitaka.

Alhamisi iliyopita Delmar Hutchins, dereva mstaafu wa basi la shule, alimpeleka gereji kwake akaone gari jeusi. Alilipata Indiana, kwenye banda la mkulima, mbuzi wakilala juu yake. Miaka sita amelitengeneza. Injini haikuwa yake ya awali, karatasi hazikuwapo, na Jumamosi ilikuwa mkutano wa chama. Alitaka gari liandikwe kwenye daftari la Nyigu.

"Delmar, mwanangu, boneti hii ni yake mwenyewe?"

"Yake kabisa. Mibonyeo ya kwato za mbuzi nimeinyoosha mwenyewe. Kwa nini unauliza, na mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Akamweleza. Kuna njia moja tu ya kujua, akasema, nayo ni kukwangua rangi upande wa abiria hadi chuma.

Delmar akaitazama boneti yake, ambayo ungeweza kujitia kitana mbele yake. "Tabaka saba, Bi Ardith! Mke wangu anasema rangi hii nimeipapasa kuliko yeye."

"Najua."

"Na kama hakuna kitu?"

"Kama hakuna kitu, wewe utakuwa na gari lenye upele, na mimi nitakuwa mzee mwongo. Sikulazimishi. Na mimi naogopa."

Delmar akazunguka gari mara mbili. Akafungua friji ya gereji, akaifunga bila kutoa kitu. "Mficha uchi hazai," akasema mwisho. "Mpigie Vossler. Kama tunaaibika, tuaibike mbele ya mtu."

Chet alikuja na miwani miwili, mmoja usoni na mmoja mfukoni. Ardith alimkabidhi karatasi aliyoandika vipimo, akakaa mbali, mikono mapajani, asije akaambiwa amegusa. Chet akapima mwenyewe, akachora duara kwa chaki. Delmar akalowesha msasa na kuanza kukwangua. Alikwangua taratibu kama mtu anayenyoa mtoto. Nyeusi ikaisha, ikaja praima, ile rangi ya chini ya kijivu, kisha chuma kikang'aa, cheupe, kitupu.

Hakukuwa na kitu.

Chet akasafisha koo. "Basi, Bi Ardith. Tumeona."

Ardith akaitazama boneti. Lililomuuma zaidi lilikuwa ile rangi ya Delmar, kazi ya miaka sita, imeliwa kwa sababu ya maneno yake. Akaanza kusema samahani.

"Ngoja kwanza," Delmar akasema, hata hakuinua kichwa. "Nimeshaharibu, acha niharibu vizuri."

Akaendelea kukwangua nje ya chaki, kidole kimoja huku, kidole kimoja kule. Upande wa kioo, inchi moja tu kutoka mstari wa Chet, chuma kikabadilika. Kilitokea kidoa cha duara, cha kijivu kisichong'aa, ukubwa wa sarafu. Delmar akaacha msasa. Chet akavua miwani, akavaa ule wa mfukoni, akakibonyeza kidoa kwa ukucha. Alama ya ukucha ikabaki.

"Risasi," akasema. Akainama kuangalia chini ya boneti kwa tochi, akapapasa, na alipotoka sauti yake ilikuwa imepungua. "Imepita hadi chini. Ni tundu, na limezibwa zamani."

"Inchi moja, Chet!" Ardith alikuwa amesimama, analia na kucheka kwa pamoja. "Miaka hamsini na sita, nimekosea inchi moja! Wewe miwani yako jana uliiweka wapi?"

"Ndani ya jokofu," Chet akakiri, na hapo wote watatu wakacheka mpaka mke wa Delmar akachungulia kuuliza nani amekufa.

Chet, kwa kuwa ni Chet, alimwonya Delmar kwamba akilipeleka gari Jumamosi na jeraha lile atapunguziwa alama za rangi kwenye mashindano ya chama, huenda zote.

"Punguza," Delmar akasema. "Hiki kidoa kitapakwa rangi nikishazikwa. Nani kakwambia nataka kikombe?"

Basi Chet akaweka daftari juu ya benchi la vifaa, akaandika ya ishirini na sita, jeusi, mwenye gari Delmar Hutchins. Akafika kwenye mstari wa fundi aliyefanya kazi. Mistari ishirini na mitano juu yake ilikuwa na majina ya wanaume. Kalamu ikasimama kidogo, kisha akaandika kwa herufi kubwa: Lud Tarnow na Ardith Sobczak. Akamgeuzia asome.

Ardith aliisogeza karatasi karibu na pua, akaisoma mara mbili.

"Ongeza kwamba nilitoboa upande usio wake," akasema.

"Hilo si lazima, Bi Ardith. Watu watacheka tena."

"Andika, Chet. Ningetoboa sawasawa, hadi leo usingeniamini."