Korosho za Kombo

Asubuhi ile nilikuwa nachoma korosho, na Kombo, mume wangu, ananichokoza kuwa nazibabua kila siku. Mie naye tulitoka kisiwani kwetu, Kengeja, tukavuka mto Ruvuma kufuata dago, kambi ya wavuvi upande wa Msumbiji. Yeye akivua, mie nikiuza korosho. Wallahi tuliishi vizuri: kibanda cha makuti, kuku watatu, na mume anayeimba vibaya kuliko waja wote wa Mungu kila akishona nyavu. Hata leo naitamani ile sauti mbovu.

Korosho zikiwa na maganda hupasuka motoni, pa! Ukishazoea hushtuki. Basi milio ya kwanza ilipotoka upande wa barabara, nilicheka.

"Jirani naye anachoma," nikamwambia Kombo. "Ni korosho tu."

Baada ya hapo sina kitu ninachokumbuka.

Nina moshi. Nina matope ya mikoko hadi magotini.

Kombo hayupo.

Waliorudi kambini ndio waliomzika. Mie sikuwapo.

Nikarudi Kengeja. Kwa miaka, kilichonila hakikuwa kifo peke yake, ni lile neno langu. Nilijiambia nimemuua kwa mdomo huu, kwamba angekimbia lau ningenyamaza. Na harufu ya korosho ikipita njiani, moyo unanienda mbio, jasho linanitoka, najifungia ndani hata nikiwa na wageni. Watoto wa jirani walinicheka, nami niliwatukana bila haya.

Mwisho nilikwenda mjini Chake kwa daktari, binti kutoka bara.

"Bi Time," akaniambia, "ndani ya ubongo kuna kijisehemu mfano wa lozi, amigdala. Hicho hupiga mbiu ya hatari. Jirani yake ipo hipokampasi, inayopanga mambo: wapi, lini, lipi kwanza. Hofu ikizidi, mbiu hubaki na nguvu, mpango ukavurugika. Ndiyo maana umeshika harufu, hukushika kilichofuata."

"Na kilichofuata kiko wapi?"

"Pengine kipo. Pengine hakikuhifadhiwa kabisa."

Nilimwona hana huruma. Njiani nikamwona mkweli.

Alinielekeza nisiikimbie harufu, niisogelee kidogo kidogo, pamoja na mtu ninayemwamini. Wiki za mwanzo nilishika ganda tu. Mwezi uliopita dada yangu Mize akawasha moto uani, mchana kweupe.

"Nishike, Mize."

"Nimekushika. Pumua, bibi weye."

Pa!

Nikamwona Kombo. Ameweka wavu chini. Hacheki.

"Ndiyo, ni korosho," akasema. "Hebu kimbia mikokoni ukaniitie wenzangu. Viatu acha!"

Nilimwambia daktari. Hakunificha: kumbukumbu ikiitwa huweza kubadilika, na moyo una matamanio yake. Huenda nimejitungia.

Huenda. Lakini nilifika mikokoni miguu mitupu, na kovu la kukatwa na gamba la chaza ninalo unyayoni mpaka leo. Nami siendi hata uani bila kandambili, aulizwe Mize.

Kombo alijua ni bunduki. Alinikubalia neno langu ili niondoke. Siku ile uani, korosho tulizila zote, mie nalia, Mize ananifuta machozi. Nilikuwa nimezibabua.